TULIKOTOKA NA MANENO YETU: KUTOKA BARUA YA MKONO MPAKA KUNDI LA SIMU



Kamati ya kijitabu hiki ilinipa kazi ya kuandika historia. Habari za hisa, mikopo na mgao wa kila mwaka ameshaziandika Katibu wetu, na mahesabu yake mtayaona kwenye kurasa zake. Mimi nimechagua historia nyingine. Haina mahesabu, lakini ndiyo iliyobakiza kidogo tu kutusambaratisha. Ni historia ya maneno: jinsi watu wa huku kwetu walivyopelekeana habari tangu zamani mpaka leo tunapopelekeana kwenye simu, na jinsi kila njia ilivyotufanya tuwe na adabu kwa wenzetu au tuikose.

Msitegemee Kiswahili cha profesa, siye wengine tuliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma, mengine nimeyapata kwa wazee, na mengine nimeyaona kwa macho yangu.

HABARI ZILIPOTEMBEA KWA JAHAZI NA KWA MIGUU

Wengi hatujui kwamba Kilwa yetu ina sifa kubwa katika mambo ya barua. Zipo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa Msumbiji kwa Wareno na watu waliokuwa upande wao. Mpaka leo zimehifadhiwa kule Goa, India, na wataalamu huzihesabu miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Na tena, akina mama wenzangu, wakati ule Kilwa ilikuwa na malkia, Mfalme Fatima, na jina lake limo katika barua hizo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mwanamke wa Kilwa kushika kalamu na mambo ya watu ni jambo la jana.

Hebu fikirini barua hiyo ilivyosafiri. Kwenda kusini ilingoja kaskazi, na kurudisha majibu ilingoja kusi. Mtu akiandika neno leo, jibu lake analipata baada ya miezi. Aliyekuwa na hasira alikuwa na muda wa kupoa kabla jahazi halijang'oa nanga. Sisemi watu wa zamani walikuwa malaika, maana Kilwa imeona fitina na vita. Nasema tu kwamba njia yenyewe ilimlazimisha mtu kufikiri.

Huku kwetu bara kidogo, kwenye vilima vya Umatumbi, habari zilitembea kwa miguu. Vita ya Maji Maji ilianza Nandete mwezi Julai 1905. Kabla ya hapo, habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake zilikuwa zimeshaenea kwa mnong'ono, ambao wazee waliuita njwiywila. Gilbert Gwassa na John Iliffe waliyachapisha maelezo ya wazee hao mwaka 1968. Neno lilitoka kinywa kwa sikio, mtu kwa mtu, na aliyelipokea alimjua aliyempa. Wajerumani wakachelewa kujua, maana njia ile haikuwa na mlango wa mtu baki. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini neno lilikuwa limeshafika mbali.

Hapo pana somo la pande mbili, na nataka tulishike kwa sababu litatusaidia mbele. Upande wa kwanza, neno lililobebwa kwa uaminifu liliunganisha makabila ambayo zamani hayakuwa kitu kimoja. Upande wa pili, ndani ya neno lile mlikuwa na ahadi kwamba risasi zitageuka maji, na risasi hazikugeuka. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, makadirio ya wanahistoria yanafika hata 300,000. Kwa hiyo neno kuwa na mwenyewe anayejulikana ni jambo moja, na neno kuwa la kweli ni jambo lingine. Yote mawili yanatakiwa yaulizwe.

BARUA YA MKONO NA MTOTO WA SHULE

Tuje kwenye zama zetu. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mama zetu wakaingia madarasani usiku na taa za chemli. Wengi walijifunza, lakini wengi pia walibaki hawawezi kusoma barua ndefu. Kwa hiyo barua ikitoka Dar es Salaam, Lindi au Tanga kwenye mashamba ya mkonge, aliitwa mtoto wa shule. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nimesoma barua za ndoa, za talaka, za misiba na za madeni, nami nikiwa sijafikisha miaka kumi na mitatu.

Nilifundishwa jambo moja na bibi mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliniambia: "Ukitoka hapa mlangoni, ulichokisoma kiache humu." Hakunipiga wala hakunitisha. Nilijua tu kwamba nikisema, kesho sitaitwa tena, na mama yangu ataulizwa mtoto wake amekosa malezi wapi. Huo ndio uliokuwa ulinzi wa siri zetu. Hapakuwa na sheria ya serikali, lilikuwepo jina la ukoo.

Na barua yenyewe mnaikumbuka ilivyokuwa. Lazima uanze na dhumuni la barua hii kwanza ni kutaka kujua hali yako, na ama kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya. Halafu unamsalimia baba, mama, shangazi, mpaka majirani. Ukifika kwenye jambo lenyewe la kumsema mtu, umeshawasalimia watu kumi, na mkono umechoka. Wengi waliichana pale pale. Salamu zile vijana wanazicheka, lakini zilikuwa kama breki za gari.

Barua nyingine alipewa abiria au kondakta wa basi. Nayo kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Barua inakaa wiki, inakaa mwezi. Msiba mkubwa ulitangazwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na tangazo lilimtaja anayetangaza, marehemu ni nani, na ndugu wa wapi wapate habari hizo. Hapakuwa na kifo cha "nasikia".

KANGA, VIJEMBE NA UTANI

Msije mkasema Mwenyekiti anatudanganya kwamba zamani hapakuwa na umbeya. Ulikuwepo, tena wa kukaanga. Kisimani palikuwa na maneno, na kwenye ngoma palikuwa na maneno. Uvumi wa mumiani, eti watu wanachukuliwa damu, ulitisha nchi nzima tangu wakati wa mkoloni, na simu za mkononi hazikuwepo.

Mwanamke wa pwani akitaka kumsema mwenzake alinunua kanga yenye jina la kumchoma, akaivaa, akapita mbele ya baraza. Lakini tazameni, kanga haivaliwi na asiyekuwepo. Lazima uitie mwilini utoke nayo njiani, na mwenye kusemwa akuone. Naye kesho atavaa ya kwake akujibu. Na wazee wakiona yamezidi, wanawaita wote wawili mkekani.

Utani nao ulikuwa hivyo hivyo. Mtani anaweza kuja msibani akakutukana, akachukua hata mkeka uliokalia, na wewe ukacheka katikati ya machozi. Kwa nini hukasiriki? Kwa sababu unamwona anacheka, unajua babu yako na babu yake walikubaliana nini, na unajua yeye ndiye atakayebeba jeneza. Utani una uso, una ukoo na una mpaka. Nitarudi kwenye jambo hili.

SIMU ZILIPOINGIA

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, zikawa za matajiri. Vodacom ilianza mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na polepole minara ikasogea kusini. Huku kwetu mwanzoni tulitafuta mtandao kama watu wanaotafuta nyuki. Kulikuwa na mwembe fulani, kulikuwa na kichuguu fulani, ukipanda hapo unapata vijiti viwili. Mazungumzo yako ya simu yalisikiwa na foleni nzima iliyo chini ya mwembe, kwa hiyo ulizungumza kwa adabu tu.

Ikaja meseji. Kwa kuwa meseji moja ilikuwa na herufi 160 na kila moja ina bei yake, cha kwanza kukatwa kilikuwa salamu. Sikulaumu mtu kwa hilo, vocha ilikuwa ghali. Lakini tangu hapo mtu akazoea kuingia kwa mwenzake bila hodi: "Nitumie hela." "Mbona kimya." "Nimekusikia ulivyonisema." Maneno yale yale ambayo mlangoni ungeyafikia baada ya kuulizana habari za watoto, sasa yakawa ndiyo ya kwanza.

Mwaka 2008 ikaingia M-Pesa, na baadaye huduma nyingine za namna hiyo. Kwa sisi wanawake wa vijijini ilikuwa faraja kubwa. Mwana aliyeko Kariakoo anatuma, mama anapokea kwa wakala siku hiyo hiyo, bila kumtegemea kondakta. Lakini na wezi nao wakahamia huko. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Anayeuandika hakujui, anautuma kwa watu wengi akijua hatakosekana mmoja ambaye kweli anadaiwa hela siku hiyo. Mwizi wa kuku akikutana nawe uchochoroni anaona haya. Huyu hajakuona, hajui kama wewe ni mjane au umetoka kuuza ufuta gunia moja la kulipia ada ya mtoto. Kwake wewe ni namba tu.

Serikali haikulala. Usajili wa laini uliwekwa katika sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, na kuanzia Mei 2019 ukawa wa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, mwisho ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Humo anayetoa habari anazojua ni za uongo kwa nia ya kudanganya au kuwadhuru watu anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya tapeli ipelekwe 15040, na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bonyeza *106#. Haya ni ya msaada. Lakini sheria inakuja baada ya mtu kuumia, na mengi yanayotuumiza sisi hatumpelekei polisi jirani yetu.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Vikundi vya namna yetu vina asili yake. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha na akina mama wa Niger, kule Afrika Magharibi, utaratibu wa kuweka hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka. Baadaye utaratibu huo ukafika Zanzibar na bara. Huku kwetu tulikuwa na upatu siku zote, lakini sanduku la chuma lenye kufuli tatu lilikuwa jambo jipya tulipoanza mwaka 2015. Sanduku analaza Mweka Hazina, funguo wanazo watu watatu wengine, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote tumekaa duara. Wahesabu fedha wanahesabu kwa sauti, na kila mtu anakariri salio moyoni kabla ya kuondoka.

Utaratibu huu haukutungwa kwa sababu wanawake ni wezi. Ulitungwa ili pasiwe na nafasi ya kushukiana. Fedha iko wazi mbele ya macho, na maneno yako wazi mbele ya macho. Mwenye lake anasimama, anasema, anajibiwa, anakaa.

Mwaka 2019 binti zetu wakatushauri tuwe na kundi la WhatsApp. Tukakubali, na kweli lilitusaidia kupeana habari za wagonjwa na siku za mkutano. Lakini hatukuangalia jambo moja. Wanachama wenye simu za kupangusa walikuwa kama nusu. Waliobaki walikuwa na vitochi. Kwa hiyo tukawa na mikutano miwili: mmoja wa duara, ambao wote tupo, na mwingine wa mkononi, ambao nusu yetu hatumo. Na Mweka Hazina wetu alikuwa mtu wa kitochi.

Mwaka 2021, msimu wa ufuta umeisha na mgao unakaribia, ilipita sauti kwenye kundi. Haikuwa ya kutumwa moja kwa moja, ilikuwa imetoka kwingine ikasukumwa tu. Sauti ile ilisema eti Mweka Hazina anaezeka nyumba bati mpya, na bati hizo ni fedha za akina mama, na eti sanduku linafunguliwa usiku. Sauti haikuzidi dakika moja. Mpaka jioni ilikuwa imefika Somanga, imefika Tingi, imefika kwa ndugu zetu Dar es Salaam. Kijana wake aliyeko Mbagala aliisikia kabla ya mama yake. Yeye mwenyewe aliona tu kwamba watu dukani wananyamaza akifika.

Tazameni maajabu. Kila mwanachama alijua sanduku lina kufuli tatu. Kila mmoja alijua funguo ziko nyumba gani. Waliosikiliza sauti ile ni wale wale waliohesabu fedha kwa midomo yao wiki iliyotangulia. Ingesemwa kwenye duara, mshika funguo mmoja angenyanyua ufunguo wake juu na maneno yangeishia hapo. Lakini kwenye simu hakuna aliyeuliza. Wawili waliweka alama ya kustaajabu, mmoja akaweka alama ya kulia, wengine wakaisukuma mbele.

Tuliitisha mkutano wa dharura. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa mara mbili, na zikatimia mpaka shilingi ya mwisho. Mweka Hazina akasimama, akatoa karatasi ya malipo ya ufuta wake na risiti ya duka la bati. Akazisoma, akazikunja, akakaa. Hakutukana mtu. Mimi nasema kimya kile kilituuma kuliko matusi.

Aliyerekodi tulimpata, kwa sababu sauti yake tunaijua. Alilia, akasema hakukusudia kulitangazia kundi, alimtumia shoga yake mmoja tu, wakizoza mambo yao. Nami namwamini. Yeye alidhani ananong'ona. Shoga alipeleka kwa mmoja, na huyo kwa mwingine, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejiona kuwa yeye ndiye msemaji. Kila mtu alisema, "Mimi nimeletewa tu." Alitozwa faini kwa katiba yetu, akaomba radhi mbele ya wote, na Mweka Hazina akampa mkono.

Lakini cheo alikiacha. Tulimbembeleza, wazee walimbembeleza, akasema, "Nimewasamehe, ila sanduku sirudi nalo nyumbani kwangu." Tulimpoteza mtu aliyekuwa anajumlisha kwa kichwa kuliko wenye kikokotoo. Na mwanachama mwingine aliondoka kabisa kwa kuogopa kwamba zamu yake itafika. Sauti ya dakika moja ilitugharimu watu wawili, na hakuna kifungu cha mahesabu cha kuandika hasara hiyo.

KWA NINI SIMU INATUBADILISHA

Nimelifikiria sana jambo hili, maana watu ni wale wale. Aliyerekodi sauti ile ni mtu anayelala hospitalini na mgonjwa asiye wake. Basi kwa nini kwenye simu akawa mwingine? Nimeona sababu nne.

Ya kwanza, uso haupo. Ukimsema mtu unamwona anavyobadilika, na huruma inakuzuia katikati ya sentensi. Skrini haibadiliki. Ndiyo maana hata utani wetu ukihamia kwenye simu unageuka tusi, kwa sababu kicheko hakikusafiri pamoja na maneno.

Ya pili, hatujui nani anasikiliza. Kisimani tulitazama kushoto na kulia kabla ya kusema. Kwenye simu mlango uko wazi nyuma yetu na hatuuoni.

Ya tatu, neno linapoteza mwenyewe. Kwenye njwiywila ya wazee ulimjua aliyekupa neno. Ujumbe wa kusukumwa unafika hauna baba wala mama, na kwa kuwa hauna mwenyewe, kila anayeupeleka anajiona hana dhambi.

Ya nne, neno halizeeki. La mdomo linasahaulika baada ya msimu. Sauti ile ya mwaka 2021 bado imo kwenye simu za watu mpaka leo.

Na msidhani haya ni ya Kinjumbi tu. Mwaka 2018 kule India watu waliuawa na makundi kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliosambazwa kwenye simu. Wenye WhatsApp wenyewe wakaona hatari, na Januari 2019 wakaweka kikomo dunia nzima: ujumbe mmoja usisukumwe kwa zaidi ya sehemu tano kwa mara moja. Hapa nchini, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na picha za walioungua zikatembea kwenye simu kama picha za harusi. Huku kwetu maiti hufunikwa, hata anayeosha anaosha chini ya shuka na haelezi alichokiona. Mtu huyo huyo anayejua adabu hiyo anapokea picha ya maiti wa mwenzake na kuipeleka mbele. Mkono unatenda jambo ambalo miguu isingekwenda kulifanya.

SIMU IMETUFAA PIA

Haki isemwe. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, mvua na mafuriko vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi sehemu kadhaa, ikiwemo Somanga. Abiria walikwama, bidhaa zikakwama. Siku zile kundi la simu ndilo lililotuambia nani nyumba yake imeingia maji na nani hana unga. Mfuko wa jamii ulitoa msaada kwa wanachama wenzetu bila mtu kuvuka korongo, fedha zilikwenda kwa simu.

Siku zile zile zilikuja picha za mafuriko yasiyo ya kwetu, na namba za kuchangia ambazo haijulikani ni za nani. Lakini safari hii wanachama waliuliza: "Hii namba ni ya nani? Nani anamjua?" Hakuna aliyetuma hata senti. Nikasema moyoni, yale maumivu ya mwaka 2021 yamezaa kitu.

KANUNI TULIZOZIWEKA

Baada ya mambo yale tuliongeza vifungu kwenye katiba yetu, na naviandika hapa ili na vikundi vya jirani vikipenda vivichukue.

1. Habari ya fedha ya mwanachama au ya kiongozi haijadiliwi kwenye simu. Inasemwa kwenye duara, mwenyewe akiwepo.

2. Kila kinachotangazwa kwenye kundi la simu kisomwe kwa sauti mkutano unaofuata, ili wenye vitochi wasiwe wanachama wa nusu.

3. Anayepeleka ujumbe wa kusukumwa ndiye mwenye ujumbe. "Nimeletewa tu" si jibu.

4. Hakuna picha ya maiti, ya mgonjwa wala ya mtoto wa mtu bila idhini ya wenyewe.

5. Mwenye hasira na mwenzake aende nyumbani kwake, apige hodi, aulizie hali kwanza. Akishindwa, amwite mjumbe mmoja wa kamati wafuatane.

Mmoja wetu alipinga kifungu cha 5, akasema kinachelewesha mambo. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

MWISHO

Ndugu zangu, wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Sasa tumeupa mbawa, na mbawa zenyewe hatuwezi kuzikata wala hatutaki. Wajukuu zetu watakuja na vyombo ambavyo sisi hatutavijua hata majina. Tunachoweza kuwaachia ni kile alichoniachia bibi yule nikiwa na barua yake mkononi: kwamba mtu asiyekuwepo ana heshima yake kama aliyepo.

Mwaka huu kwenye duara letu Mweka Hazina wetu wa zamani amekubali kuwa mmoja wa wahesabu fedha. Sanduku bado hajakubali kulilaza kwake. Tunamngoja, hatumharakishi.

Nawatakia nyote kheri ya miaka kumi, na mwenye neno juu ya haya niliyoandika, karibu nyumbani, jamvi lipo.



Mwenyekiti wa Kikundi,
Kinjumbi, Kilwa